Muulize Shangazi: Matatizo ya Wanunuzi Waliovuka Mpaka

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa Mgololo na majirani zao waliokwenda kununua vitu nje ya nchi. Ni nyingi. Sehemu inayotengeneza karatasi haikosi pa kuandikia malalamiko. Nimezisoma jikoni huku moto unawaka, kwa hiyo baadhi zimekwishapata jibu bila wenyewe kujua.

*Shikamoo Shangazi. Nilipanda basi hadi Tunduma nikavuka kwenda Nakonde kuchukua vitenge vya biashara. Niliambiwa duka linafunguliwa saa mbili asubuhi. Nimefika saa mbili, limefungwa. Mama mwenye duka alipotokea nikamuuliza bei, akasema "mulishani". Nikamuuliza tena, "mulishani" tena. Nikaona ananidharau. Nikatoa noti zangu za kwacha, akazitazama, akaangua kicheko, akamwita na jirani. Nimekosa nini? – Niliyechekwa.*

Marahaba mwanangu. Tuanze na saa. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Yako ilipogonga saa mbili, ya mama yule ilikuwa saa moja, naye alikuwa nyumbani anakunywa chai kwa amani. Umemsonya mlangoni saa nzima bila kosa lake.

La pili, mama alikuwa anakusalimia kwa Kibemba. Kakusalimia mara mbili, na mara zote mbili umemjibu "bei gani". Hebu fikiri mtu anaingia dukani kwako hapo Mgololo, unamwambia "kamwene", yeye anakujibu "sukari kilo shilingi ngapi". Ungemuuzia? Ungemuuzia, najua, maisha magumu, lakini kwa bei ya mgeni. Siku nyingine inama kidogo, piga makofi mawili matatu ya taratibu, mwite bamayo, muulize watoto wameamkaje. Vitenge havikimbii. Mkishaelewana bei usiondoke upesi: omba mbasela. Ni kile kidogo cha juu, bila malipo, na wenyeji huiomba bila haya. Akikuongezea hata kipande cha kilemba, ujue keshakukubali.

Sasa hizo noti. Umeniwekea moja ndani ya bahasha, asante. Ni kwacha ya Malawi. Bila shaka ulibaki nazo siku ulipopita Kasumulu kwenda Karonga. Nchi mbili, fedha mbili, jina moja; ukitaka kuzitofautisha shuka kwenye sarafu, Zambia wana ngwee na Malawi wana tambala. Na umshukuru Mungu mtu wa mtaani hakukubadilishia noti za Zambia za zamani. Januari 2013 walikata sifuri tatu, kwacha elfu moja ikawa kwacha moja. Noti za namna hiyo huwa hazifi, humsubiri mgeni.

*Shangazi, nimerudi na treni ya TAZARA kutoka Kapiri Mposhi. Nilimletea mama mkwe zawadi ya kipekee ya Kizambia, chikanda. Mwenye genge alinikatia vipande vinene kama vya mkate, nikavifunga vizuri, nikavibeba mpaka Makete. Mama akaonja, akaniuliza kama nimesafiri siku zote hizo kumletea mizizi ya nyuma ya nyumba yake. Mke wangu hasemi nami. – Mkwe Mwema.*

Mwanangu, mama mkwe kasema kweli tupu. Chikanda hupikwa kwa viazi vya okidi, yale maua ya porini. Huvikausha, huvitwanga, huchanganya na unga wa karanga, pilipili na soda, kisha huchemsha mpaka igande. Wazambia wanaipenda sana, na okidi za kwao haziwatoshi. Ndiyo maana kwa miaka mingi viazi hivyo vimechimbwa kwetu, Makete, Njombe na Mbeya, vikavushwa Tunduma kwa magunia. Uchimbaji ulitisha kiasi kwamba ukawa sababu mojawapo ya kuilinda Kitulo, ambayo tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Hiyo ndiyo Bustani ya Mungu, na huenda ndiko zawadi yako ilikotoka ikiwa bado na udongo.

Mwenye genge hukumuuliza vinatoka wapi. Wauza chakula hulipenda swali hilo, wanaweza kukupa historia ya ukoo mzima wa kiazi. Angekutajia Tanzania, nawe ungenunua kitenge kama watu wengine. Halafu mkweo ni Mkinga, biashara iko damuni. Kilichomuuma si mizizi. Ni bei uliyonunulia. Usiitaje.

Kwa anayeuliza kama atapata shida ya lugha Guangzhou: mwenye duka atakuandikia bei kwenye kikokotoo, utafuta na kuandika yako, atashika kichwa kama aliyefiwa. Endelea kuandika.

*Shangazi, niko Maskati kikazi. Katika soko la Mutrah nilimwambia mwenzangu kwa Kiswahili, "Mzee huyu mwizi, mwache akauke na ubani wake." Mzee akajibu, "Karibu mwanangu, mwizi huyu kazaliwa Malindi ya Unguja. Chai ya tangawizi au ya maziwa?" Tumekunywa, tumelipa bei yake yote, na kwa aibu nimesahau mkoba. Nirudije? – Nimefadhaika.*

Rudi kwa miguu yako. Waarabu wengi walitoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 wakaitwa Omani kuijenga. Wamekwenda na Kiswahili chao, cha wengine kinatushinda wewe na mimi kwa ufasaha. Kusengenya kwa Kiswahili pale ni sawa na kutumia kipaza sauti. Jaribu Kihehe, ila chungulia kwanza: maduka ya Waarabu yalifika mpaka huku bara, na mzee mwingine anaweza kukujibu "kamwene". Mkoba utaukuta. Bei ya ubani usiiguse tena, umekwishakunywa chai ya watu.