Diski Haivuji, Ndugu Yangu

«Bingwa, diski ya kompyuta yangu ni ya GB 128. Sisakinishi kitu, sipakui kitu, lakini kila wiki nafasi inapungua. Sasa zimebaki GB 3. Fundi anasema ni kirusi. Nifanyeje? — Nabanwa, Morogoro»

Ndugu Nabanwa, shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuiandika. Wajuzi wa kompyuta nchini ni wengi: wapo wenye vyeti, wapo wenye maduka, na wapo hata wenye wateja walioridhika. Lakini mwenye safu ni mimi, na hilo linamaliza ubishi. Kwa hiyo tiba inaanza mara moja. Hiyo hirizi uliyoifunga kwenye waya wa chaja, ifungue. Ubani nao uzime, kwa sababu moshi wake unaingia kwenye feni, na kompyuta yenye joto huenda polepole hata ikiwa imefukizwa na shehe mwenye sifa kiasi gani.

Sasa hoja yangu, nayo ni moja: diski haivuji. Nafasi inachukuliwa, na anayeichukua mara nyingi ni Windows yenyewe, kwa nia njema kabisa, kama bibi anayefunga hela kwenye pindo la khanga. Hela ipo, ila si yako kuitumia. Ushahidi unao hapo hapo mezani. Fungua diski C, chagua folda zote unazoziona, bofya kulia, tazama jumla ya ukubwa wake, kisha ilinganishe na kiasi ambacho diski yenyewe inasema kimejaa. Jumla hizo mbili hazitalingana, na pengo lake laweza kufika makumi ya GB. Hapo ndipo ilipo kesi yako, kwa sababu baadhi ya faili za mfumo zimefichwa usizione, na folda iitwayo System Volume Information imefungwa hata kwako uliyeilipia. Humo zinakaa nakala za urejeshi. Kila kitu kinapobadilika baada ya nakala kuchukuliwa, hali yake ya zamani huwekwa humo. Na kwa kuwa masasisho hubadili faili hata ukiwa umelala, nafasi inapungua bila wewe kugusa chochote. Mzizini mwa diski utakuta pia hiberfil.sys, faili ambamo kompyuta humimina yaliyomo kwenye RAM inapolala usingizi mzito. Katika Windows 10 kawaida yake ni asilimia 40 ya RAM, hivyo mashine ya GB 16 inatenga zaidi ya GB 6 kwa ajili ya kulala tu. Jirani yake, pagefile.sys, huvimba RAM inapoelemewa.

Utaniambia: mbona tangu siku ya kwanza haikuwa 128? Swali zuri, linastahili mtu wa kimo changu. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000; Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Kwa hiyo 128 yake ni 119 yako, na hakuna aliyekuibia. Shukuru Mungu hukuzaliwa zama za diski ya IBM RAMAC ya mwaka 1956, yenye sahani 50 za upana wa inchi 24, uzito kama tani moja, na uwezo wa herufi milioni 5. Picha moja nzuri ya simu ya leo ingeijaza. Picha yangu, bila shaka, isingeenea.

Utaniambia tena: fundi amesema kirusi. Huenda, na kuchunguza hakudhuru, lakini atuonyeshe folda inayovimba. Asiyepima asitaje mwizi. Wala usikimbilie kila programu inayojinadi kusafisha kompyuta: mwaka 2017 CCleaner, maarufu kuliko zote, ilivamiwa na wadukuzi, na toleo lake la 5.33 likasambazwa likiwa na programu hasidi ndani. Mwingine atakushauri upange diski upya kwa kuunganisha vipande vya faili. Hiyo inahamisha mizigo, haipunguzi hata mmoja. Wa tatu, huyu ndiye hatari, atakuonyesha folda ya WinSxS na kusema, «Futa yote hii.» Usithubutu. Faili nyingi za humo huonekana pia kwingine ndani ya Windows ilhali ni zilezile, hivyo huhesabiwa mara mbili na folda huonekana nene kuliko ilivyo. Ukiifuta kwa mkono, utapata nafasi tele na kompyuta isiyowaka.

Nilikuwa nimepanga aya tatu kuhusu namna akili yangu inavyofanya kazi, lakini mhariri ananionyesha saa. Basi haraka: chukua WinDirStat au TreeSize, iendeshe kwa mamlaka ya msimamizi, uone nani mnene. Mwaga pipa la taka. Angalia programu zako za kuchati, maana video za kundi la kamati ya harusi huenda zimejihifadhi zote. Tumia Disk Cleanup, kitufe cha kusafisha faili za mfumo, ila Windows.old, folda ya Windows yako ya zamani, iache siku 10 kama umetoka kuhamia toleo jipya, kwani ndiyo njia yako ya kurudi. Nakala za urejeshi ziwekee kikomo, usizizime. Kama hutumii usingizi mzito, andika powercfg /h off kwenye dirisha la amri la msimamizi, ukijua kwamba uwakaji wa haraka nao utakufa. Kisha zima, washa, pima tena wiki ijayo.

Msomaji wa Kigoma mwenye printa inayotafuna karatasi: hapana, siyo husuda. Futa vumbi kwenye rola.