Nilikwenda Kuvua, Nikavuliwa Mimi

Kanisani kwetu ukikosa kikao, unachaguliwa. Hiyo ndiyo katiba. Kuna mtu alipewa ukatibu wa kwaya akiwa kitandani hospitalini. Mimi Jumapili ile nilikosa kwa sababu ya rejeta ya Hiace moja, inavuja mbele, inavuja nyuma, na mwenyewe anataka alfajiri awe barabarani. Narudi nyumbani usiku, mikono myeusi, mke wangu ananitazama kwa ile huruma anayoiweka akiba ya misiba.

"Baba watoto, wamekupa kampasi."

Kampasi ipi tena? Nani aliomba kampasi?

"Kuwahubiria wanafunzi wa kaminuza. Kila Jumatano. Wamesema wewe unajua kuongea."

Jirani, hebu nitazame vizuri. Mimi ni fundi rejeta wa Buyenzi, Burundi. Ile konkuru ya darasa la sita, iliyokuwa inatuchuja enzi zetu kama majani ya chai, niliifanya mara mbili. Mara ya kwanza nilianguka. Mara ya pili nilianguka vizuri zaidi, maana nilishakuwa na uzoefu. Leo mimi nikamwambie nini mtu wa chuo kikuu, mwaka wa nne?

Nikaenda kwa mchungaji kulia. Akasema Petro naye hakusoma, alikuwa mvuvi tu. Nikamwambia sawa, lakini Petro hakutumwa kwa watu wa sheria. Akasema kasome Matendo sura ya 4. Sijasoma mpaka leo, rejeta hazinipi nafasi, ila kwa jinsi alivyotabasamu nadhani Petro alitumwa.

Shati ninalo. Koti sina. Jirani yangu wa ukuta, alhaji, ana koti la kijivu alilovaa kwenye harusi ya mwanawe. Buyenzi ndivyo tunavyoishi: Idi ananiletea pilau, Krismasi nampelekea soda, na koti ni la mtaa mzima. Shida, alhaji ni mfupi. Mikono ikanifika nusu ya njia, nikawa kama mtoto aliyerefuka wakati wa likizo.

Usafiri usiniulize. Katikati ya mji pikipiki, bajaji na baiskeli zilipigwa marufuku mwaka 2022. Mabasi yanasubiri mafuta. Mafuta nayo sijui yanasubiri nani. Nikapanda kwa miguu, jua la saa tisa, koti la sufu.

Kampasi yenyewe jina nalimeza. Nikakuta vijana watano chini ya mwembe, wana silabasi za fotokopi zilizofifia hadi unasoma kwa imani, na chupa moja ya maji wanayopokezana. Nikasema, "Hamjambo vijana." Ndilo kosa la kwanza.

Wewe uliye Dar au Mombasa hapa hutanielewa. Kwetu Burundi Kiswahili ni cha sokoni, cha gereji, na cha Waislamu wa Buyenzi. Ni kweli tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na siku hizi kinafundishwa hata shuleni. Lakini mtoto aliyekuja kutoka Kirundo au Ruyigi, akisikia mzee anamwagika Kiswahili laini, kwanza anashika mfuko wenye simu. Halafu anaitika. Na mmoja akaitika kweli, kwa heshima zote: "Wa aleikum salaam, mzee."

Mimi sikuwa nimesema salaam!

Nikahamia Kirundi. Kirundi changu cha Buyenzi kina mashimo kama barabara ya mtaa wetu, unapita ukijua pa kukwepa. Nikaanza na Yesu. Binti mmoja akanisahihisha kwa upole: "Yezu." Wakatoliki wanasema Yezu, sisi Waprotestanti Yesu. Herufi moja tu, lakini nimeona posa zikivunjika kwa hiyo herufi. Nikaogopa kumkosea, nikasema "Bwana wetu." Akauliza yupi.

Nikaona bora karatasi ziongee. Nikatia mkono kwenye mfuko wa koti kutoa vipeperushi, nikavuta. Kikatoka kipeperushi kimoja pamoja na tasbihi ya alhaji. Shanga nyeusi, kishada cha kijani. Ikatua juu ya silabasi ya mtu, chwaa.

Yule binti akang'aa uso: "Papa, rozari yako imeanguka!" Yule wa salamu akawageukia wenzake: "Si nilisema?" Wa tatu, kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya, hakusema kitu. Aliinamisha kichwa akaanza kuomba kimyakimya. Kwa ajili yangu! Nilisikia kabisa "huyu papa."

Nikaeleza. Koti la jirani, jirani ni alhaji, mimi ni mtu wa kanisa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi wa makoti. Jasho likanitoka, nikalivua koti.

"Papa, kaa," akasema wa miwani. Nikakaa. "Wewe mwenyewe uliokoka lini?"

"Zamani."

"Zamani ya mwaka gani? Tarehe?"

Hapo ndipo penyewe. Ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ulipovuka hadi kwetu ulileta desturi moja: mlokole anasimama mbele za watu anataja siku aliyookoka. Mama yangu alikuwa nayo yake, siku, saa, na mvua iliyokuwa inanyesha. Mimi nilizaliwa kanisani, nikabatizwa, nikapewa ufagio, nikafagia. Tarehe sina. Tarehe nilizo nazo kichwani ni ya kodi ya nyumba na ya minerivale, ile ada ya shule ya watoto. Nikajaribu kutaja ya harusi. Akasema hiyo haihesabiki. Nikamwomba asije akayasema hayo mbele ya mke wangu.

Wakatazamana wote watano. Ule mtazamo ninaujua. Ndio ninaomtazama nao mwenye gari akiniambia, "Fundi, linakunywa maji kidogo tu."

Na mchungaji alituambia kampasi ni giza tupu. Giza gani, jirani? Kona hii kwaya inafanya mazoezi na kinanda cha betri. Kona ile Waadventista wamefungua Biblia. Wakatoliki wana padre wao. Kuna GBU, vile vikundi vya Biblia vya wanafunzi, na kijana akanieleza kwamba wana ndugu dunia nzima, umoja wao ulianza mwaka 1947. Mwaka 1947 baba yangu alikuwa anachunga mbuzi! Ukipanda Kiriri, yale majengo yenyewe yalikuwa koleji ya Wajesuiti kabla hayajawa kampasi ya kaminuza. Ukishuka Kamenge unakuta Hope Africa, ya Wamethodisti Huru, iliyoanzia Nairobi kabla ya kuhamia kwetu. Na mimi hapo na vipeperushi vyangu 40, kama mtu aliyebeba beseni la ndagala anapeleka kuuza ziwani.

Kipeperushi kilichukuliwa kimoja tu. Kijana wa uhandisi alisubiri wenzake waangalie pembeni, akauliza kwa sauti ya chini kama gerejini kwetu hatuhitaji mtu, hata wa kuosha vifaa, maana buruse ikija imeshaliwa na madeni. Nikamtajia namba yangu, akaiandika nyuma ya kipeperushi. Upande wa Neno hakuugeuza. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa sijausoma.

Kisha wakaniwekea mikono. Mikono kumi kichwani kwa mtu mmoja ni mizigo, usifanye mchezo. Wakaomba kwa Kirundi, Kifaransa, na Kiingereza kidogo. Nikatokwa na machozi. Labda ni jasho, vilikuwa vimechanganyika. Nafungua macho, wa miwani yuko kwenye daftari anaandika. Namba 14. Jina langu. Mahali: Buyenzi. Dini ya zamani: akafikiri, akaitazama tasbihi, akamtazama binti, akaandika "haijulikani."

Jumapili ikaja, ripoti ya huduma. Nikasimama. Nikasema Jumatano mtu mmoja ameokoka kampasi. Sikudanganya! Kanisa likapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, mchungaji akafuta miwani. Akauliza jina la huyo ndugu tumwombee. Nikasema bado ni mchanga, tusimtaje kwanza. Mke wangu alinitazama kwa jicho moja mpaka ibada ikaisha.

Nilidhani yameisha. Jumanne simu inalia, kumbe wao wana ufuatiliaji. Papa, umeamkaje katika Bwana? Papa, umesoma leo? Papa, Alhamisi saa kumi na moja kuna darasa la waumini wapya, usikose. Mimi, shemasi kwa miaka 19, ninayeshika ufunguo wa kanisa na wa stoo ya viti! Nikasema siendi. Halafu nikasikia kuna chai na mandazi.

Darasani tuko wanane. Saba ni watoto wa mwaka wa kwanza, wa nane ni mimi, nimevaa koti la alhaji kwa sababu hajaniuliza na mimi sijamkumbusha. Mwisho wa somo wakagawa karatasi, jaribio dogo. Niliposikia neno jaribio tumbo likageuka, nikarudi konkuru palepale. Aliyekaa pembeni yangu, mtoto wa miaka kumi na tisa, akafunika majibu yake kwa mkono ili nisiibie.

Nimepata 13 kwa 20. Kwa kalamu nyekundu, na chini wameandika "jitahidi, papa." Nimeibandika ukutani pembeni ya kalenda. Mke wangu ameisoma, amerudi hatua mbili ameisoma tena, akauliza hiyo ni distinksioni au satisfaksioni. Nimemwambia asubiri, Alhamisi nitawauliza.