Kamba ya Kima

Hapo kale, katika nchi iliyopakana na bahari, Ndovu alipata kiwanja chembamba ufukoni: kushoto mikoko, kulia mapito ya kasa wapandao kutaga, nyuma njia ya wavuvi, na mbele sheria ya wazee kwamba mtu asijenge ndani ya hatua 60 tangu pale yanapokomea maji ya bamvu. Ukiyatoa hayo yote, ardhi iliyosalia haikuzidi kivuli cha mkungu.

Akaitwa Mnana, fundi asiyeshindwa na utagaa. Mnana, aliyeijua kusi na kaskazi tangu kinda, akachora nyumba nyembamba iendayo juu, yenye madirisha ya kupokea pepo zote mbili, imesimama juu ya nguzo ili maji yakija yapite chini, na kileleni baraza moja pana inayoiona bahari yote. Ilikuwa nyumba njema kweli kweli, kwa kuwa dhiki ya mahali pale ndiyo iliyoipa umbo lake.

"Hiki ni kiota," akasema Ndovu, akamwita Kima, mpimaji mwenye kamba.

Kima hakuipinga sheria hata kwa neno moja. Alingoja tu mwezi ufike robo, siku za maji mafu, bahari inapopanda kwa uvivu na kukomea mbali. Hapo ndipo alipopigilia kigingi na kuanza kuhesabu hatua zake 60. Mstari wa mwani mkavu, ulioachwa na maji ya bamvu juu kabisa ufukoni, aliupita bila kuutupia jicho. Kiwanja kikanenepa. Wazee wakatia muhuri, midomo ingali na asali waliyoletewa.

Nyumba ikajengwa pana, na mbele yake ukuta mzito wa mawe. Upepo wa kusi ulipoingia, wimbi likaupiga ukuta, likarudi na mchanga wa chini yake, kisha likazunguka pembeni na kuula ufuko wa jirani. Kasa walipopanda usiku walikuta ukingo uliosimama wima. Wakarudi majini na mayai yao tumboni. Hawakuwa wamemkosea mtu.

Kasa mkongwe akaenda barazani, akaomba kiwanja kipimwe upya usiku wa mwezi mpevu. Wazee wakasema ana haki, wakamtuma mpimaji wao. Kima akaitazama mbingu, akakunja kamba yake vizuri, akajibu kwamba kazi hiyo itafaa zaidi baada ya juma moja.