Sifa za Bwana Sifuri

Mombasa haina uhaba wa kusifu. Bwana harusi ana watu wake, marehemu ana wake, na barazani Majengo baada ya alasiri hukosi mtu wa kuisifu timu iliyofungwa jana. Mimi namsifu asiye na msifuji: Bwana Sifuri, tarakimu ya mwisho kabisa kwenye mstari wa faili iitwayo /etc/fstab, ndani ya kompyuta ya Linux, ndani ya duka la kujaza muvi.

Nianze na nasaba, maana mkubwa hatajwi bila ukoo. Kila diski ina mstari wake katika faili hiyo, na mstari una sehemu sita. Ya kwanza yaitaja diski, ya pili mahali itakapopachikwa, ya tatu aina ya mfumo wa faili, ya nne machaguo ya kupachika. Ya tano yamhudumia dump, programu ya kuweka nakala kwenye tepu za sumaku, ambayo leo ni wachache wanaoikumbuka. Hapo pia hukaa sifuri, pacha wa bwana wetu, mwenye cheo na asiye na kazi. Ya sita ndiyo kiti chake. Yajibu swali moja tu: fsck, mkaguzi wa diski, apite hapa kabla ya mlango kufunguliwa? Ukiandika moja, diski hiyo hukaguliwa mwanzo, na hiyo ni haki ya diski yenye mfumo wenyewe. Ukiandika mbili, itakaguliwa baadaye pamoja na wenzake. Ukiandika sifuri, mkaguzi hajui hata kwamba ipo.

Na tazama utukufu: hahitaji hata kuandikwa. Ukiiacha sehemu ya sita tupu, mwongozo wasema ihesabiwe sifuri. Wako wangapi duniani wanaopewa cheo kwa kutohudhuria?

Duka lenyewe utalikuta kwenye vichochoro vya Majengo, mlango wa pili kutoka kwa muuza viazi karai. Mbele pana kaunta ya kioo, na juu yake flashi za wateja zimefungwa vijikaratasi vyenye namba ili zisichanganyike. Chini ya meza yanguruma kompyuta ya mtumba. Mwenyewe aliiwekea Linux kwa sababu flashi za mjini huja na virusi vya Windows, na biashara yake ni kuchomekewa flashi za mjini kutwa. Diski ya mfumo iliwekwa na programu ya usakinishaji, ikaandikiwa errors=remount-ro na moja mwishoni, kama kawaida ya Debian na Ubuntu. Diski ya pili, yenye muvi, ilikuja baadaye. Hiyo iliandikwa kwa mkono na kijana aliyekuwa na haraka: /dev/sdb1 /muvi ext4 defaults 0 0. Ndivyo Bwana Sifuri alivyoingia Majengo, bila tarumbeta.

Fadhila yake ya kwanza ni ukarimu wa wakati, na stima ya Kenya humpa nafasi nyingi za kuuonyesha. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alitoka hai. Agosti 2023 giza likarudi bila msaada wa tumbili, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Hayo ni magiza makubwa, yenye kuandikwa magazetini. Ya mtaani, ya dakika tano, yanayokuja faili likiwa nusu linakiliwa, hayana mwandishi. Stima ikirudi, vijana wako kaunta wanagonga kioo kwa sarafu. Mwenye kuandika mbili humlazimisha mkaguzi atangulie. Bwana Sifuri hufungua mlango papo hapo.

Wapinzani wake watakwambia hiyo ni hadithi ya kale. Enzi za ext2, babu wa ext4 ya dukani, wasema, kompyuta ikizimika ghafla diski nzima ilipekuliwa, na diski kubwa ilikula asubuhi. Ext3 ilipoingia katika Linux mwaka 2001, kisha ext4 ikahesabiwa imekomaa mwaka 2008, mambo yakabadilika: mfumo huandika kwanza kwenye daftari lake unachokusudia kufanya, ndipo ukakifanya. Stima ikikatika, daftari hurejelewa, na kazi kwa kawaida huisha kwa sekunde chache. Mkaguzi akiikuta diski haina doa, hupita bila kuketi. Yote ni kweli. Lakini msifuji anayejibu kila hoja hageuki kuwa wakili?

Kipaji chake halisi huonekana anapokutana na sehemu ya nne. Ext4 ikigundua kasoro ndani ya mfumo wa faili, huweka alama kwamba pana kosa, kisha hutenda kama chaguo la errors lilivyoagiza: panic, kompyuta isimame kabisa, remount-ro, diski ibaki ya kusomwa tu, au continue, kazi iendelee. Programu inayoumba mfumo wa faili, isipoambiwa vingine, huweka continue. Kwa hiyo ule mstari wa kijana mwenye haraka, ukiusoma kwa Kiswahili, wasema hivi: ukiona kasoro iandike uendelee, na ukiamka usiulize. Sijaona makubaliano ya kindani zaidi kati ya sehemu mbili za mstari mmoja.

Kuna walioshtuka wakabadilisha nusu. Waliandika errors=remount-ro, wakamwacha Bwana Sifuri kitini. Hapo ndipo anapong'ara. Adhuhuri diski yapata kosa, yajifungia: wateja waweza kunakili muvi za zamani, lakini mpya haiingii hata moja. Mwenye duka azima, awasha. Chaguo la remount-ro lilifanya sehemu yake, likasimamisha uandishi ili mkaguzi aje kutengeneza wakati wa kuwaka. Mkaguzi haji, hakualikwa. Diski yafunguliwa tena kuandikwa, na alama ya kosa ikiwa palepale. Kiini cha Linux huandika mstari mmoja tu kwenye kumbukumbu zake, kwamba kimepachika mfumo wenye makosa na kwamba yapendekezwa kuendesha e2fsck, yaani fsck wa ukoo wa ext. Mstari huo hausomwi na mtu. Muvi mpya zamiminwa juu ya hesabu iliyokwisha kuharibika, mahali ambapo jedwali ladai pako wazi kumbe pana kitu cha mwenzake.

Siku fundi anapoitwa, mwenye duka humwambia asizime, wateja wako. Fundi asiye na subira huita e2fsck juu ya diski iliyopachikwa. Programu hiyo, ambayo kwa kawaida haipandishi sauti, hupiga kelele kwa herufi kubwa na nyota tatu tatu kwamba ukiendelea utaleta uharibifu mkubwa. Na haitanii: mkaguzi arekebisha jedwali huku kiini kikiandika juu yake kutoka kumbukumbu yake chenyewe, na kila mmoja anaamini ndiye mwenye nyumba. Pale Bandari ya Kale jahazi hupwelewa kwanza ndipo likakalafatiwa. Hata diski ya mfumo, isiyoweza kuchopolewa, hufanyiwa adabu hiyo: hukaguliwa kabla haijapachikwa, au hupachikwa ya kusomwa tu, ikakaguliwa, kisha ndipo ikaruhusiwa kuandikwa.

Mavuno ya Bwana Sifuri huonekana ukaguzi ukifanyika hatimaye. Kila faili lililopotelewa na jina huwekwa katika folda ya lost+found, likiitwa kwa alama ya reli na namba: #131074, #131075, na kuendelea. Hapo duka hupata bidhaa mpya kabisa. Mteja aliyetaka muvi iliyotafsiriwa na DJ Afro apewa #131081, na yaweza kuwa ni hiyo, au nusu ya tamthilia ya Kituruki, au video ya harusi aliyoiacha mtu mwaka juzi ili ikatiwe DVD. Huduma hiyo ya kubahatisha huipati kwingine mjini, na hailipiwi zaidi.

Nimuongezee na sifa zinazomstahili bila mzaha. XFS na Btrfs hazimhitaji mkaguzi wakati wa kuwaka; fsck.xfs yenyewe, kwa mujibu wa mwongozo wake, haifanyi lolote na huripoti kwamba imefaulu. Huko sifuri yuko nyumbani kwake halali, na vilevile kwenye swap, tmpfs na folda za mtandao. Lakini kuna sifa moja anayopewa bure. Watu husema ukiweka sifuri, diski ya nje isipokuwepo kompyuta haikwami. Hukwama vizuri tu: husubiri sekunde 90 kisha huangukia hali ya dharura ikidai nywila. Anayeiokoa ni nofail, chaguo la sehemu ya nne, na hilo hukaa kwa amani hata na mbili.

Bwana Sifuri ana binamu upande wa diski za wateja, zile za NTFS zilizochopolewa Windows ikiwa bado imezishika. Diski hiyo hubeba alama ya uchafu, na kiendeshi cha ntfs3, kilichoingia Linux toleo la 5.15 mwaka 2021, hukataa kuipachika mpaka utie chaguo la force. Dawa yake ni kuirudisha kwenye Windows ikapitiwa na chkdsk. Force, ndiye binamu mwenyewe, ni njia ya mkato kuelekea mahali palepale anapotupeleka bwana wetu, tofauti ni kwamba lazima uiandike wewe mwenyewe.

Juzi fundi mwenye subira alifika dukani, akaisubiri saa ya kufunga, akaichopoa diski, akaikagua, akaifungulia mwenyewe ile fstab, kidole juu ya tarakimu ya mwisho.

"Mwanangu," mzee mwenye duka akauliza, "hiyo mbili itanikawiza?"

"Stima ikikatika, sekunde chache, ami. Itakayokukawiza ni diski ikiwa mbovu."

"Kiasi gani?"

"Terabaiti mbili hizi. Yaweza kufika saa nzima."

"Na hiyo diski mbovu, nikiwa na sifuri, itafunguka saa ileile?"

"Itafunguka."

Mzee akafuta kioo cha kaunta kwa kanga kuukuu. "Basi niachie huyohuyo. Kesho kutwa Idi."