Shangazi wa Zizini: Usimpeleke Mtoto wa Watu Mita 3000

Barua za safari hii karibu zote zinatoka kwa watu wa mchezo mmoja, Uma Musume: Pretty Derby, ule wa Cygames ulioanza Japani mwaka 2021 na kutufikia kwa Kiingereza mwaka 2025. Kwa asiyeujua: farasi wa kweli wa Japani wamegeuzwa wasichana wenye masikio na mikia, wewe ni mkufunzi, na una miaka mitatu ya mchezo ya kumnoa mmoja wao na kumchagulia mbio. Kunoa, wengi wanaweza. Kuchagua mbio ndiko kunakowaliza.

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu siku hizi halali. Juzi saa nane za usiku nilimsikia akinong'ona, "Haru, jikaze mama, bado kidogo." Kisha akalia. Nilipomuuliza Haru ni nani, akageukia ukutani. Tuna watoto wawili. Nifanyeje? – Mke wa Ndoa, Tabata*

Marahaba mwanangu. Futa machozi, na hiyo simu usiitumbukize kwenye ndoo. Haru Urara alikuwa farasi jike aliyezaliwa mwaka 1996, akakimbia mbio 113, nyingi katika uwanja wa Kochi, asishinde hata moja. Wajapani wakampenda kwa hilohilo. Machi 22, 2004 akapandwa na Yutaka Take, bingwa anayejulikana nchi nzima. Uwanja ukafurika, na Haru akamaliza wa 10 kati ya farasi 11.

Sasa tuje kwenye mchezo. Mwambie mumeo akufungulie ukurasa wa Haru, utaona herufi. Mchanga A, masafa mafupi A. Nyasi G, masafa ya kati G, masafa marefu G. Chini ya G hakuna kitu, mwanangu. Na waliotunga mchezo, kwa ukorofi wao, wakampangia lengo la mwisho kuwa Arima Kinen: uwanja wa Nakayama, mita 2500, juu ya nyasi! Hapo ndipo mumeo alipolia. Lengo lenyewe linamtaka Haru akimbie tu, kushinda si lazima, lakini nani wa kumweleza hivyo mwanamume saa nane za usiku?

Mpikie chai, umwambie hivi. Mtoto huyu hageuzwi kuwa wa nyasi kwa mazoezi. Herufi hupandishwa na urithi. Kabla ya kuanza, achague wale wawili wa kurithiwa wenye nyota za nyasi na za masafa marefu. Aprili ya mwaka wa pili na ya mwaka wa tatu urithi huja tena, na huenda ukaongeza kitu. Pumzi aanze kumjaza mapema, asingoje Desemba ya Arima. Na kabla ya siku hiyo amwache mtoto kwenye mchanga wake, mbio fupi, avune mashabiki anakokuweza.

Ukishamaliza, mkumbushe ada ya shule hapohapo. Atakuwa mpole.

*Shangazi mambo! Mimi nina Sakura Bakushin O. Kasi yake sijaona. Nikamwingiza Kikuka Sho naye apate heshima kama wenzake. Nusu ya kwanza aliongoza kwa raha. Nusu ya pili sitaki kuieleza. Au mchezo una hila? – Kijana wa Kasi, Kisauni*

Mambo ni ya wenzako. Mimi nasalimiwa shikamoo. Haya, marahaba.

Mchezo hauna hila. Kikuka Sho ni mita 3000, pale Kyoto. Bakushin O wa kweli alikimbia mara 12 katika mita 1400 au pungufu, akashinda mara 11. Zaidi ya mita hizo hakuwahi kushinda. Sprinters Stakes ya mita 1200 aliichukua mwaka 1993, akairudia mwaka 1994. Huyo ndiye uliyempeleka mita 3000 akatafute heshima, wakati ya kwake anayo tele?

Najua atakuwa amekusumbua. Ndani ya mchezo mwenyewe hushikilia kwamba anataka mbio ndefu, na mkufunzi wake humtuliza kwa hesabu: mita 1200 mara tatu ni mita 3600, basi tayari wewe ni wa masafa marefu. Anaridhika kabisa. Hesabu ile ni ya kumtuliza yeye, haikuwa yako.

Kama bado unadhani kasi inatosha, muulize Mihono Bourbon. Mwaka 1992 alishinda Satsuki Sho ya mita 2000, akashinda Derby ya mita 2400, hajawahi kushindwa tangu azaliwe, na alikuwa amepandishwa vilima vya mazoezi hadi watu wakamwonea huruma. Kikuka akapitwa na Rice Shower. Sasa wewe unakuja na wa mita 1200.

Mchezo umegawa masafa wazi: mafupi ni mpaka mita 1400, maili mpaka 1800, ya kati mpaka 2400, yanayozidi hapo ni marefu. Soma herufi ya masafa kabla hujasoma jina la kombe. A, nenda. B, nenda ukiwa umemjazia pumzi. Chini ya hapo uwe na sababu, na "apate heshima kama wenzake" si sababu.

*Salaam aleikum Bi. Shangazi. Mimi ni mstaafu. Mjukuu aliniwekea mchezo huu nilipokuwa nauguza goti. Nina Oguri Cap: nyasi A, maili A, masafa ya kati A. Kwa kuwa anaziweza, nampeleka zote, mfululizo. Sasa amenuna na ngozi imemharibika. Nimemkosea nini? – Mzee wa Goti, Morogoro*

Wa aleikum salaam, kaka yangu, na goti lipone. Herufi nzuri zinakuambia wapi anaweza, hazikuambii mara ngapi. Katika mchezo kila zamu ni nusu mwezi. Ukifululiza zamu ya tatu ya mbio, ndipo kununa na ngozi vinapoanza. Mbili, kisha mpumzishe. Julai na Agosti za mwaka wa pili na wa tatu ni kambi ya ufukweni, na mazoezi yake yana faida kubwa. Mbio za miezi hiyo waachie wengine.

Oguri Cap mwenyewe aliyaona haya. Novemba 19, 1989 alishinda Mile Championship ya mita 1600 kwa pua tu. Wiki moja baadaye, Japan Cup, mita 2400: farasi jike wa New Zealand, Horlicks, akamtangulia kwa shingo, wote wawili wakiandikiwa dakika 2 na sekunde 22.2. Mimi nikisoma hayo hushindwa kuamua kama nimsifu farasi au niwagombeze wenye farasi. Desemba, kwenye Arima Kinen, akawa wa tano. Mwenzio wa simuni mpe likizo.

*Shangazi, wangu sijampeleka mbio kubwa hata moja, na hajashindwa kamwe. Si ndiyo akili? – Mjanja, Nakuru*

Mbio ndogo huleta mashabiki wachache, na bila mashabiki wa kutosha mlango wa mbio kubwa haufunguki. Mpeleke mbio za daraja la G3 za masafa yake, hata akiwa wa nne.

*Shikamoo Shangazi. Kwa kuwa unajua farasi, nitajie mmoja wa Jumapili pale Ngong niweke pesa. – Mtafutaji, Kawangware*

Marahaba. Wale wa Ngong hawakubandikwa herufi kifuani. Na hata mbio yenyewe ni ya mita ngapi hukuniambia.