Namna ya Kuwa Mshenga wa Protini

Kwanza, acha kiherehere cha kuziba. Dawa nyingi huziba: tamoksifeni huingia pale pale estrojeni inapokaa na kukizuia kipokezi chake. Imewaokoa wanawake wengi, ila kuna saratani za matiti zinazoizoea. Wewe utakuwa mshenga. Hutafuti mchumba, maana wachumba wamekwishakutana. Kazi yako ni kuhakikisha hawaachani.

Bibi harusi ni kipokezi cha estrojeni alfa, chenye asidi amino 595. Bwana harusi anaitwa 14-3-3, jina la namba alilopewa mwaka 1967 na watafiti waliomtenga kutoka ubongo wa ng'ombe. Hukutana mkiani mwa kipokezi: threonini ya 594 ikishabandikwa fosfati, 14-3-3 huidaka. Kipokezi kilichodakwa hapo hushindwa kuungana na pacha wake na kuishika DNA vizuri, na seli ya saratani hukosa amri ya kukua. Tatizo ni kwamba wanashikana kilegevu.

Usijione mjanja kuliko kuvu. Phomopsis amygdali hunyausha milozi na mipichi kwa sumu iitwayo fusikoksini: huigandisha 14-3-3 kwenye pampu ya protoni, stomata hubaki wazi, jani likaishiwa maji. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sumu hiyo hiyo hukaza na ndoa yetu. Angalia kwa nini. Baada ya threonini ya 594 imebaki valini moja tu, protini imekwisha. Ndani ya mfereji wa 14-3-3 panabaki nafasi tupu, na fusikoksini hukaa humo, ikiwagusa wote wawili.

Kuiunda fusikoksini maabara ni adhabu, kwa hiyo anza na vipande vidogo vya molekuli. 14-3-3 aina ya sigma ina sisteini ya 38 kando ya nafasi hiyo, na vipande vyenye salfa hunata hapo. Usipige vigelegele bado! Pima kipokezi kikiwepo, kisha kisipokuwepo. Kipande kinachonata sawasawa mara zote mbili kimempenda bwana harusi peke yake, kitupe.

Halafu kumbuka bwana harusi ana wake mamia. Protini iitwayo C-RAF nayo imo. Ukiwakazia wote umeharibu seli nzima, kwa hiyo elekeza kipande chako kwenye valini ya 595, ukipime upya mbele ya C-RAF, na uwe tayari kurudi mezani.