Tandika Yameza Watu

Karavati la mtaani kwetu Tandika lilikatika Jumatatu alfajiri. Mimi naishi hatua thelathini tu kutoka pale, lakini habari nililetewa na shemeji yangu aliyeko Muscat. "Shem, poleni sana na maafa!" Maafa gani tena? Nafungua video aliyonitumia: HATARI! TANDIKA YAMEZA WATU! Natoka nje na kandambili zangu. Kilichomezwa ni bajaji, tena tupu, dereva kaenda zake kunywa chai.

Saa nne vijana wa tivii za mtandaoni wakatujaa, kila mmoja na simu yake na maiki yenye sponji kubwa kuliko kichwa changu.

"Mzee, unajisikiaje?"

"Nasikia njaa."

Hilo wakalikata. "Kwa hiyo mmetelekezwa?" Sikujibu, nilibanwa na kikohozi. Jioni najiona: MZEE AFUNGUKA MAZITO, ALIA MBELE YA KAMERA. Halafu eti nibofye kengele!

Nisiwaonee, nao wana madeni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipokuja mwaka 2018, kuomba leseni tu ilikuwa laki moja, leseni yenyewe milioni, na milioni nyingine kila mwaka. Sasa mtu alipe hizo, halafu aandike "bajaji yatumbukia mtaroni"? Atazirudishaje?

Zamani Redio Tanzania, RTD, ikitangaza msiba, ulitajiwa marehemu, wafiwa wote kuanzia Newala hadi Bukoba, na saa ya maziko. Siku hizi unaandikiwa INASIKITISHA! HATUNAYE TENA! Hatuna nani? Unabofya, linakuja tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Unabofya tena, bando linakata. Ukiunga jingine unakuta aliyefariki ni mwigizaji wa Nigeria, tena kafa kwenye filamu.

Na magazeti yamekuwa adimu hata kwa kufungia maandazi. Juzi Mama Ashura kanifungia kwa karatasi ya daftari la hesabu: mbili kwa kumi. Angalau hiyo ilikuwa habari ya mtaani, ya kweli, na ina sahihi ya mwalimu.

Katika maiki zote zile, hata moja haikufika kwa mwenyekiti wa mtaa kumuuliza karavati litajengwa lini. Nikaenda mwenyewe. Hajui. Haya, habari ndiyo hiyo, nawapa bure bila kengele: leo siku ya tisa, na bajaji bado imo mtaroni.